Kompyuta zimefika zahanati, jengo je? Uzi kwa wanaofunga na wanaotumia mifumo ya afya mkoani Tanga

Mleta uzi

Habari za jioni wadau. Mimi ni fundi wa umeme na mitandao ya kompyuta, mkazi wa Ngamiani. Kwa miaka kadhaa sasa riziki yangu kubwa imetoka kwenye zahanati, vituo vya afya na hospitali za mkoa wetu. Nimefunga nyaya Pangani, Mkinga, Muheza, Korogwe, Lushoto hadi Handeni. Nafungua uzi huu kwa sababu kuna jambo linaniuma na sioni likizungumzwa: tunaingiza mifumo ya kidijiti ndani ya majengo ambayo hakuna aliyeyakagua kuona kama yataibeba.

Niwape kisa. Zahanati moja ya pwani, jina naliacha. Niliitwa kwa kuwa "mtandao unakatika kila saa". Kufika, nakuta chumba cha mganga kina soketi moja tu, nayo iko nyuma ya kabati la dawa. Meza imewekwa dirishani kwa sababu ndiko kwenye mwanga. Basi ekstensheni imetokea nyuma ya kabati, ikapita chini ya kitanda cha kupimia wagonjwa, ikafungwa kwenye mguu wa kitanda kwa bandeji, ndipo ikafika mezani. Humo humo kwenye ekstensheni moja kuna kompyuta, printa, ruta, feni, chaja mbili za simu na jagi la umeme la kuchemshia maji. Mgonjwa akipanda kitandani, mguu wa kitanda unaubana waya, ruta inazimika. Muuguzi wa pale alishazoea. Aliandika kila kitu kwenye daftari la MTUHA, lile la kumbukumbu za huduma za afya, halafu jioni, wenzake wameshaondoka, anakaa peke yake kuhamishia kwenye kompyuta. Kazi moja anaifanya mara mbili, na huko juu sifa aliyopewa ni kwamba hataki mabadiliko.

Nilifanya kazi siku moja. Soketi nne mpya, waya wa mtandao mmoja, ruta ikapandishwa ukutani. Nilipopita tena baada ya mwezi, daftari lilikuwa bado lipo, lakini kuhamisha usiku kulikuwa kumekwisha.

Majengo mengi tuliyonayo yalichorwa kwa ajili ya taa, feni na friji ya chanjo. Mfumo kama GoTHOMIS, ule wa serikali wa kuendeshea hospitali na vituo, unamfuata mgonjwa mlango kwa mlango: mapokezi, malipo, chumba cha mganga, maabara, dirisha la dawa. Chumba kimoja kikikosa umeme au mtandao, mgonjwa anaandikiwa karatasi pale, na kuanzia hapo kila mtu mbele yake anafuata karatasi. Nimeona hospitali ina kompyuta 20 nzuri na bado inaendeshwa kwa karatasi kwa sababu ya maabara peke yake.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaoupinga. Mkipewa fedha za kompyuta 10, nunueni 7. Fedha za hizo 3 ziingie ukutani: soketi, ethi (waya wa kutupia ardhini umeme uliovuja), nyaya, betri. Kompyuta 7 zinazowaka saa zote zitahudumia watu wengi kuliko 10 zinazozimika.

Naomba michango, hasa ya wauguzi na waashi. Mambo ya ethi na betri nitayaeleza chini, yanahitaji nafasi yake.

Muuguzi wa Zamu

Kaka ahsante kwa kumtetea huyo mwenzetu. Ni kweli tunaitwa wagumu.

Mimi niko kitengo cha mama na mtoto. Mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo nchini kuingia kwenye daftari la kielektroniki la chanjo, baada ya Arusha, kwa hiyo tableti tunazijua siku nyingi. Lakini chumba chetu hakina hata rafu ya kuichajia. Inachajiwa sakafuni karibu na beseni la kunawia, au inapelekwa chumba cha mganga mkuu kwa sababu kule kuna kufuli. Siku akiwa safarini, tableti imefungiwa ndani na akina mama 40 wanasubiri nje.

Kingine, na hiki ndicho kinachonisumbua zaidi. Tangu kompyuta ziletwe, madirisha yanafungwa. Sababu wanazotoa: vumbi, mvua ya upepo, wezi. Madirisha ya upande wa barabarani yamepigwa mbao kabisa. Sisi tunapokea watu wanaokohoa. Nani aliamua kwamba kompyuta ipumue vizuri kuliko mgonjwa wa kifua kikuu?

Mleta uzi

Dada, hilo nililiona mahali pengine nikanyamaza, sikupaswa kunyamaza.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 lilitoa mwongozo wa hewa ya asili kwenye vituo vya afya. Kwa wodi za kawaida na wagonjwa wa nje linataka lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Kwa vyumba vya wenye maradhi yanayosambaa kwa hewa, kama kifua kikuu, linataka lita 160. Hewa nyingi hivyo huku kwetu inapatikana kwa madirisha yanayotazamana, yakiwa wazi. Ukipiga mbao upande mmoja umeua upepo wa chumba kizima, hata kama upande wa pili uko wazi.

Kwa hiyo kompyuta ndiyo isogee. Iwekwe kwenye ukuta wa ndani ambako mvua haifiki. Dirisha liwekewe nondo na wavu, lisizibwe. Kompyuta ifungwe kwa mnyororo mdogo kwenye meza iliyokazwa ukutani. Kibodi ifunikwe kwa mfuniko wa plastiki unaoweza kupanguswa kwa dawa, maana nayo inashikwa na mikono ile ile inayoshika wagonjwa. Gharama yake haifiki bei ya kiyoyozi kimoja.

Wazee waliojenga pwani hii walilijua jambo la upepo. Kalitazameni lile jengo la hospitali la Wajerumani pale Bombo, juu ya bahari. Halikuwekwa pale kwa ajili ya mandhari tu.

Kijana wa Chumbageni

Mkuu na heshima zako zote, mbona unatuzungusha kwenye nyaya? Siku hizi ruta ya 4G inatosha. Unaweka laini, unaweka ruta katikati ya jengo, kila mtu anapata Wi-Fi. Nyaya ni mambo ya zamani, na gharama yake inawatisha wakurugenzi.

Mleta uzi

Kijana wangu, ruta ya 4G ni kitu chema na mimi naziweka nyingi. Kwenye zahanati ya vyumba vinne vya tofali, iweke juu ukutani, mambo yataenda. Ninachokataa ni "inatosha".

Chukua kipimo cha mawimbi au hata simu yako, ingia jengo la zamani la mawe ya matumbawe pale mjini. Kuta zina unene wa nusu mita na zaidi. Ruta ikiwa mapokezi, ukivuka ukuta wa pili mawimbi yameshakwisha. Masafa ya gigahezi 5 ndiyo yanachoka mapema, yale ya 2.4 yanajikongoja kidogo. Ingia kwenye jengo jipya la zege lenye nondo, ni shida nyingine. Halafu nenda chumba cha eksirei. Mlango wake una bamba la risasi na kuta zake zimefanywa nzito makusudi ili mionzi isitoke. Kinachozuia mionzi kutoka kinazuia na Wi-Fi kuingia. Na eksirei ya kidijiti ndiyo yenye mafaili makubwa kuliko yote hospitalini. Hapo bila waya hupeleki picha kwa daktari, labda umpe flashi atembee nayo, na nimeona zikitembea.

Waya wa shaba wa mtandao una kikomo chake, mita 100. Ukizidisha, leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Sasa hospitali zetu nyingi ni majengo yaliyotawanyika: wagonjwa wa nje (OPD) huku, wodi ya wazazi kule, maabara nyuma ya miembe. Kati ya jengo na jengo nakushauri utumie faiba hata kama ni mita 40 tu, kwa sababu ya radi. Waya wa shaba unaotoka jengo hadi jengo unabeba msukosuko wa radi kutoka kwenye jengo lililopigwa hadi kwenye jengo lisilopigwa. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Kule Lushoto niliitwa asubuhi baada ya usiku wa radi. Swichi tatu katika majengo matatu zilikuwa zimeungua, na mti uliopigwa ulikuwa nyuma ya jengo moja tu. Waya wa shaba ndio uliozibebea moto hizo mbili.

Mwashi Mzee

Salaam aleikum. Nimesoma yote. Mimi ni mwashi, baba yangu alikuwa mwashi wa chokaa, na nataka kuwaambia nyie mafundi wa nyaya jambo moja kabla hamjamaliza nyumba za watu.

Msipasue kuta za chokaa. Nyumba za zamani za hapa mjini zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa. Ukuta ule unapumua. Unanywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kaskazi. Kijana anakuja na mashine ya kukatia, anapasua mfereji toka juu mpaka chini, anatia paipu, anaziba kwa saruji. Saruji haipumui. Unyevu unakwama nyuma yake, chumvi inatoka pembeni nyeupe kama unga, plasta inabanduka, na paipu lenye waya limekaa katikati ya majimaji ya chumvi. Baada ya masika mawili au matatu mnaitana kuja kutafuta umeme umepotelea wapi.

Na huo mchanga unaomwagika mkitoboa, si mchanga. Ni chokaa iliyolala humo miaka na miaka ikishika mawe. Ukiona inamwagika sana, simama.

Mleta uzi

Waaleikum salaam mzee wangu. Shikamoo.

Yamenikuta hayo. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa natoboa ukuta kwenye jengo kongwe ili nipitishe waya chumba cha pili. Biti ya sentimita 30 ilizama yote na bado sijatokea upande wa pili. Nikachukua ndefu zaidi. Chokaa ikawa inatiririka kama mtama unaotoka gunia lililotoboka. Halafu jiwe likacheza juu ya mkono wangu, nikalisikia kabla sijaliona. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri dawa kwenye benchi aliinuka, akaushika mkono wangu, akasema: "Mwanangu, pita juu ya mlango, pale pana boriti."

Tangu siku ile kwenye majengo ya namna hiyo sipasui. Nyaya zinapita nje ya ukuta ndani ya tranki nyeupe za plastiki, zimefuata kona na juu ya milango. Lazima kuvuka ukuta, natafuta tundu la zamani: la bomba, la hewa, la waya wa simu uliokufa. Hazipendezi kama zilizofichwa, nakubali. Lakini zikiharibika unafungua mfuniko, unabadilisha, ukuta haujui kama umeguswa.

Mzee, kuziba tundu dogo kwa chokaa tupu badala ya saruji, kipimo chake kikoje?

Mwashi Mzee

Marahaba. Chokaa moja, mchanga tatu, mchanga usiwe wa baharini. Loanisha tundu kwanza, usiipeleke kwenye ukuta mkavu. Na usiwe na haraka ya kupaka rangi, hasa hizi za mafuta.

Karani wa Masjala

Naomba nami niseme, maana sisi wa masjala ndio tunaoambiwa "mfumo ukija mtaondoka".

Miaka 14 nimekaa kwenye chumba cha mafaili. Rafu hadi darini, dirisha moja dogo, mchwa pembeni. Mfumo ulipokuja kwetu, wakubwa walisema masjala igeuzwe kuwa chumba cha seva, ile kompyuta kuu ya mfumo, kwa sababu "kina mlango mzuri". Mafaili yakapelekwa stoo, yakarundikwa juu ya sakafu. Seva ikaingia kwenye chumba kile kile chenye unyevu, ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa choo cha wagonjwa, na juu yake kuna tanki la maji. Sikusema kitu, mimi ni karani tu. Bomba la tanki lilipasuka siku ya Jumapili.

Siku tatu tulirudi kwenye mafaili. Tukawa tunayachambua stoo kwa tochi. Mama mmoja alikuwa amekuja na mtoto wake mwenye selimundu, na faili lake la miaka sita sikulipata. Nililitafuta mpaka saa kumi na moja jioni. Nalikumbuka rangi yake.

Ombi langu kwa mafundi: mnapopanga jengo la mfumo, karatasi nayo ipangieni mahali pakavu na penye utaratibu. Umeme utakatika. Siku hiyo karatasi inatakiwa ijulikane iko wapi, fomu zipi, nani anaziingiza mfumo ukirudi.

Mleta uzi

Karani, ahsante sana. Hukuwa "karani tu". Wewe ndiye uliyekijua kile chumba.

Chumba cha seva kikae mbali na maji, iwe choo, tanki au karo. Kisiwe upande wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri, wala chini ya bati bila dari. Vifaa vya seva vinataka joto la kati ya nyuzi 18 na 27. Chini ya bati lisilo na dari, Tanga, mwezi wa pili, chumba kinapita hapo kabla ya saa nne asubuhi. Raki, yaani rafu ya seva, inyanyuliwe kutoka sakafuni. Na dari ikaguliwe kwa ajili ya popo na panya. Mkojo wa popo unakula chuma, na panya anapenda sana ganda la waya, nimetoa nyaya zilizobaki shaba tupu.

Sasa nije kwenye ethi niliyoahidi.

Ukigusa kasha la kompyuta ukahisi vidole vinatekenywa, jengo lako halina ethi au ethi yake imekufa. Nimefungua soketi nyingi za matundu matatu nikakuta waya wa kijani umekatwa au haukuwahi kufungwa popote. Aliyejenga aliona taa zinawaka, akaondoka. Taa haijali ethi. Kompyuta inajali, mashine za maabara zinajali zaidi, na UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika na kukinga umeme unaoruka, inahitaji pa kuutupia.

Pwani yetu ina ugumu wake. Fimbo ya shaba ukiipigilia kwenye mwamba wa matumbawe au mchanga mkavu haipati ardhi ya kupitisha umeme. Inabidi ushuke hadi penye unyevu, au uweke fimbo mbili tatu zilizoachana walau kwa urefu wa fimbo yenyewe, uziunge, halafu upime. Mkikabidhiwa kazi ya umeme, mwambieni fundi apime ethi mbele yenu na aandike namba. Asipokuwa na kipimo, hajamaliza kazi.

Na mkoa huu ni mmoja kwa jina, lakini kwa fundi ni mitatu. Pwani kuanzia Mkinga hadi Pangani adui ni chumvi. Plagi za mtandao zinaota ukijani ndani ya mwaka. Kule usinunue plagi za bei ya chini, na kasha la vifaa lisitazame bahari. Lushoto ni ukungu na radi. Handeni na Kilindi ni vumbi, feni za kompyuta zinaziba mpaka mashine inajizima yenyewe kwa joto na watu wanadhani ni virusi. Orodha moja ya manunuzi kwa wilaya zote hizi haiwezi kuwa sahihi.

Betri nitasema kwa ufupi. Betri za asidi zinachukia joto. Kila nyuzi 10 zinazozidi 25, umri wake unapungua karibu nusu. Betri ya miaka minne ukiiweka kwenye kibanda cha bati, usishangae ikifa mwaka wa pili. Weka kivulini, penye upepo, mbali na mgonjwa. Na friji ya chanjo, inayotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, iwe na njia yake ya umeme kutoka kwenye sakiti breka yake. Isichanganywe na kompyuta. Kompyuta ikipiga shoti usiku, breka ikaanguka, asubuhi chanjo zote zimekwisha.

Mama Wawili

Samahanini, mimi si fundi wala si mhudumu, ni mama niliyejifungulia hospitali za serikali mara mbili. Nimeusoma uzi wote. Naweza kusema la mgonjwa?

Mara ya kwanza, kabla ya kompyuta, daktari alikuwa ananitazama. Mara ya pili meza ilikuwa imesukumwa ukutani, kompyuta imeelekea ukuta, na mimi nimekaa nyuma yake. Nilieleza habari za damu iliyokuwa inanitoka nikiuambia mgongo. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Aligeuka mara mbili akaomba radhi, lakini waya haukufika kwingine.

Halafu kioo cha kompyuta kilikuwa kinatazama dirisha, na nje ya dirisha ndilo benchi la kusubiria. Nilipotoka, mama aliyekaa hapo aliniuliza kuhusu jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilijua amelisoma.

Naomba mlifikirie hilo.

Mleta uzi

Dada yangu, pole sana. Na ahsante kwa kulisema.

Wadau, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti. Watu wakisikia ulinzi wa taarifa wanawaza neno la siri na wadukuzi. Mimi baada ya kusoma hapo juu nawaza benchi na dirisha.

Meza ikae hivi: daktari na mgonjwa wakutane kwenye kona ya meza, kioo kiwe pembeni ambako daktari anakiona bila kugeuza mabega, na akitaka kumwonyesha mgonjwa picha au majibu anakizungusha kidogo. Mgongo wa kioo uelekee mlango. Dirisha liwe ubavuni mwa kioo, lisiwe mbele wala nyuma yake, mwanga usimuumize macho. Ili hayo yawezekane, soketi na tundu la mtandao viwe kwenye ukuta wa ubavuni, sentimita chache juu ya meza, na visiwe nyuma ya kabati. Naona sasa kwamba pale niliposema "soketi nne" kwenye kisa cha kwanza, sikuuliza mgonjwa anakaa wapi. Nitarudi kuangalia.

Muuguzi wa Zamu

Naongeza kwenye hilo la Mama Wawili. Kuita majina barazani. Kliniki ya CTC, ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, watu waitwe kwa namba, na kioo cha namba kiwekwe barazani ili wanaosubiri chini ya mwembe wakione bila kusongamana mlangoni. Kwetu spika iliyofungwa ilikuwa ndani, nje husikii, kwa hiyo watu wanajazana mlangoni na kila anayeingia anajulikana.

Kijana wa Chumbageni

Mkuu nimekuelewa. La radi na faiba sikuwa nalijua. Nilikuwa na kazi ya kuvuta waya wa shaba kati ya majengo mawili wiki ijayo, nabadilisha makadirio leo hii. Hivi faiba nikiipitisha juu kwa nguzo badala ya kuchimba?

Mleta uzi

Inapita, ila nunua ile isiyo na waya wa chuma ndani yake. Yenye chuma ukiipandisha juu umerudi kule kule kwa radi. Na iwe juu kuliko gari la wagonjwa na lori la takataka. Nimeona faiba mpya iliyokatwa na lori siku ya nne.

Mjumbe wa Kamati ya Ujenzi

Wakuu salaam. Niko kijiji kimoja Mkinga. Tunajenga zahanati kwa nguvu za wananchi na fedha za halmashauri, mafundi ni wetu wenyewe kwa utaratibu wa force akaunti. Kuta zimefika usawa wa lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Zege la lenta linamwagwa Jumamosi. Nimeuona uzi huu leo Jumatano usiku. Mchoro tuliopewa una taa na soketi moja kila chumba. Je, tumechelewa? Vyumba ni 7.

Mleta uzi

Ndugu yangu, umekuja kwa wakati. Baada ya Jumamosi ingekuwa nyundo.

Kesho asubuhi nunueni paipu za PVC za inchi moja na nusu. Kila chumba kipate vipande viwili vinavyopita wima ndani ya lenta, kimoja cha umeme, kimoja cha mtandao, viachane sentimita 20 au zaidi. Baadaye nyaya zitapita juu ya dari na kushuka kwenye kila chumba kupitia humo, hamtapasua kitu. Viwekwe juu ya ukuta mzima. Visiwekwe juu ya mlango wala dirisha, pale lenta inabeba mzigo. Msikate nondo hata moja, paipu lipite katikati yake. Midomo yote miwili izibwe kwa nailoni na kufungwa kwa waya ili zege lisiingie. Ndani ya kila paipu acheni uzi wa nailoni wa kuvutia nyaya, mrefu kuzidi paipu.

Kabla ya kuchagua ukuta, mwiteni muuguzi atakayefanya kazi hapo. Asimame ndani ya kila chumba aonyeshe kitanda kitakaa wapi, meza wapi, mgonjwa wapi. Paipu lifuate anapoonyesha. Na mhandisi wa halmashauri apite aone kabla ya zege, mpigieni simu kesho hiyo hiyo.

Chumba cha maabara na dirisha la dawa mviangalie mara mbili.

Mwashi Mzee

Na siku ya zege, mtu mmoja asifanye kazi nyingine yoyote ila kuyaangalia hayo mapaipu. Mtetemo unayalaza.

Mjumbe wa Kamati ya Ujenzi

Wakuu, leo Jumamosi saa moja asubuhi. Tumeweka 14. Muuguzi alikuja juzi na mkanda wa kupimia wa fundi cherehani, akachora kitanda na meza kwa chaki kwenye sakafu ya kila chumba, na chumba cha kujifungulia akakigeuza kabisa tofauti na tulivyofikiria sisi. Mhandisi alipita jana jioni, akaagiza moja lisogezwe kutoka juu ya dirisha la maabara, tumelisogeza kwa taa ya pikipiki. Kijana wa kuyaangalia tumemteua. Mchanganyiko wa kwanza wa zege unaanza sasa hivi.